KUNYAMAZA SIO KUTULIA



Kuna andiko limegeuzwa kuwa kizibo cha mdomo. Mama anapigwa nyumbani, akimweleza mtumishi anaambiwa, "Kutoka 14:14, nyamaza, Bwana atakupigania." Mjane ananyang'anywa shamba na mashemeji, jibu ni hilo hilo. Nakataa! Tena natubu, kwa sababu hata mimi niliwahi kumjibu dada mmoja hivyo. Alirudi nyumbani akapigwa tena.

Soma mstari wa 15. Mungu anamwagiza Musa awaambie watu waende mbele. Walitakiwa kuacha kelele za hofu, sio kukaa pale mpaka Farao awafikie.

Tofautisha, mpendwa. Kunyamaza ni kwa mdomo, kutulia ni kwa moyo. Ndiyo maana katika Marko 4:39 Yesu aliiamuru bahari mambo mawili: inyamaze, na itulie. Unaweza kunyamaza huku ndani unachemka. Na unaweza kusema yote mbele ya chifu ukiwa umetulia kabisa.

Mordekai naye alimwonya Esta kwamba akinyamaza ataangamia, yeye na jamaa ya baba yake. Esta alifunga siku tatu, kisha akaenda kwa mfalme AKASEMA.

Usiuite woga utulivu. Omba, tulia, kisha fungua kinywa. Ukipigwa, piga 1195, ni bure. Kufanya hivyo sio kukosa imani.

Kama umenyamazishwa, andika AMINA. Barikiwa.