Tuchange Pamoja, Vijana Wetu Wapate Muziki Mpya

Waamini wa parokia zetu ni watu wa kuchanga. Tunachangia paa la kigango, gari la paroko, sare za kwaya na kinanda kipya. Lakini ni mara chache mno Halmashauri ya Walei kukaa na kupitisha mchango kwa ajili ya utunzi wa muziki. Tunanunua vyombo, kisha tunatarajia muziki wa kupigwa uje wenyewe.

Pendekezo langu ni hili: parokia, shule na seminari zenye vikundi vya vijana wanaopiga ala ziungane, zichange fedha, na zimwagize mtunzi mmoja awatungie muziki mpya. Parokia moja haiwezi gharama hiyo. Kumi zinaweza.

Vijana wa kuupiga wapo. Huko Korogocho, Nairobi, mradi wa Ghetto Classics ulikulia katika eneo la Parokia ya Mtakatifu Yohane, na watoto wa mtaa ule maskini wamejifunza violini, chelo na tarumbeta na kuunda okestra. Kwingine tuna bendi za matarumbeta za shule na vikundi vya ngoma na marimba. Shida huanza tunapouliza vijana hawa wapige nini. Nota nyingi zinazopatikana ziliandikwa kwa okestra kamili za Ulaya. Kikundi chenye violini kumi, chelo moja na tarumbeta nne kitakata huku na kuunga kule, na mwalimu atakesha akiandika upya sehemu zinazokosa mpigaji. Na tuni wanazoimba vijana hao kila Dominika mara nyingi hazijaandikwa kwa ala zao.

Kanisa si geni katika jambo hili. Antonio Vivaldi alipewa daraja ya upadre mwaka 1703, na mwaka huohuo akaajiriwa kufundisha violini katika Ospedale della Pietà, nyumba ya Venice iliyolea watoto waliotelekezwa. Konserto zake nyingi alizitunga kwa ajili ya wasichana wa nyumba ile. Mwaka 1723 wasimamizi waliamua kumlipa ili awapatie konserto mbili kila mwezi. Yaani wapigaji walikuwa watoto wasio na wazazi, mtunzi alilipwa, na kazi ilikuwa na makubaliano. Nyumba ile iliwalisha watoto, na pia iliwalipia muziki.

Pietà ilikuwa na uwezo wa kumlipa mtunzi peke yake. Kwa wasio na uwezo huo, mfano mzuri uko Marekani. Okestra ndogo 65, walau moja kutoka kila jimbo kati ya majimbo 50 ya nchi hiyo, ziliungana kumwagiza mtunzi Joan Tower kazi moja. Mfuko wa kampuni ya Ford ulisaidia. Kazi hiyo, Made in America, ilipigwa mara ya kwanza mwaka 2005 na okestra ya mji mdogo wa Glens Falls, kisha ikazunguka nchi nzima. Mwaka 2008 ikapata tuzo ya Grammy. Hapa kuna faida ambayo fedha peke yake haileti. Muziki mpya ukiagizwa na kikundi kimoja, mara nyingi hupigwa siku moja na kuwekwa kabatini. Ukiagizwa na wengi, umekwisha kupata wapigaji wengi kabla haujaandikwa.

Lakini mtunzi aandike kwa ajili ya vijana hawa walivyo. Mwingereza Benjamin Britten alifanya hivyo katika Noye's Fludde, mchezo wa muziki kuhusu safina ya Nuhu, uliopigwa kwa mara ya kwanza katika kanisa la Orford mwaka 1958. Watoto waliokuwa wanaanza violini aliwaandikia sehemu rahisi, na waliokwisha kukomaa akawapa sehemu ngumu. Aliweka filimbi, kengele za mkono, hata vikombe vilivyotundikwa kwenye kamba na kugongwa ili vitoe mlio wa matone ya mvua. Hakuna mtoto aliyeachwa nje kwa sababu ya kujua kidogo. Mtunzi wetu naye anaweza kuweka kayamba, ngoma na marimba mahali pa ala tusizo nazo, na muziki usipungukiwe kitu.

Liko pia suala la haki. Watunzi wetu wengi ni walimu na walei wanaoandika usiku baada ya kazi. Nyimbo zao zinatolewa fotokopi, zinasambazwa kwenye simu, zinaimbwa katika majimbo ambayo hawajawahi kufika, na wao hawapati hata nauli. Tangu Rerum Novarum ya mwaka 1891 tunafundisha kwamba mfanyakazi anastahili ujira wa haki. Fundi wa paa la kanisa tunamlipa. Mtunzi naye ni fundi.

Najua kuna watakaosema maskini wana shida kubwa kuliko violini. Ni kweli, na mchango huu usiguse hata senti ya Caritas. Lakini kijana maskini ana njaa ya mkate na ana kiu ya kuthaminiwa. Anapowekewa mezani nota zilizoandikwa kwa ajili yake, anajua kuna watu waliomfikiria.

Wengine watasema okestra si ya Misa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya Liturujia ya mwaka 1963, uliheshimu kinanda cha filimbi na pia ukaruhusu ala nyingine zinazofaa ibada, kwa ridhaa ya mamlaka ya Kanisa mahalia. Hati hiyohiyo inawahimiza watunzi waandike pia kwa ajili ya kwaya ndogo. Kwa tamasha kanisani, mwongozo wa Vatikano wa mwaka 1987 unataka watu waingie bila kulipa. Kwa hiyo tusitegemee tiketi kurudisha gharama. Fedha zichangwe kabla.

Utaratibu wake si mgumu. Tuseme mtunzi anahitaji shilingi milioni tatu: vikundi kumi vitatoa laki tatu kila kimoja. Viandike mkataba mmoja unaotaja urefu wa kazi, orodha ya ala zilizopo kweli, kiwango cha wapigaji, tarehe ya kukabidhi na awamu za malipo. Kila kikundi kipate nota zote na haki ya kuzipiga, na haki ya utunzi ibaki kwa mtunzi mwenyewe. Wakubaliane mapema nani atapiga kwanza, maana hapo ndipo ugomvi unapozaliwa. Na wakishamchagua mtunzi, wamwache atunge. Wimbo uliosahihishwa na wenyeviti kumi hautaimbika.

Majandokasisi, jambo hili linawahusu kwa namna ya pekee. Baada ya miaka michache mtakuwa maparoko, na barua ya mwalimu wa muziki itafika mezani kwenu. Anzeni sasa: ulizeni parokia zenu za nyumbani zina ala zipi na vijana wangapi wanaozipiga. Orodha hiyo haina gharama, na bila hiyo hakuna mtunzi anayeweza kuanza kazi. Nanyi waamini, bajeti ya mwaka ujao itakaposomwa, ombeni mstari mmoja wa utunzi, hata kama ni mdogo. Kidole kimoja hakivunji chawa.