Chuma kikuukuu kipite kwa fundi kabla ya kuvuka Mokowe

Chuma kikuukuu cha Lamu huvushwa kwa mashua hadi Mokowe, upande wa bara, kikapakiwa kwenye lori na kwenda Mombasa kuuzwa kwa kilo. Ndani ya mzigo huo mna magurudumu ya pikipiki ambayo bado ni mazima, mabomba ya maji yasiyotoboka na ekseli zenye nguvu za miaka mingi bado. Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa mtaa wa Langoni. Ninalosema ni hili: chuma hicho mafundi wa kisiwani wakichague kwanza, na kitakachobaki ndicho kisafirishwe.

Sababu yangu ni mikokoteni. Ukitoka barabara ya pwani na njia kuu ya Usita wa Mui ukaingia ndani ya mitaa, utakuta vichochoro ambamo punda wawili wenye shehena hawapishani. Mji wa kale uliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na hapana mtu mwenye akili anayetaka kuta zibomolewe ili gari lipite. Hata hivyo mawe, saruji, boriti za mikoko na mitungi ya gesi lazima vifike majumbani. Toroli la dukani lina gurudumu moja dogo. Kwenye mchanga wa Shela linazama, na kwenye mfereji unaokatiza njia linakwama. Kifaa kinachofaa njia zetu hatuna budi kukiunda wenyewe.

Hivi karibuni tulimaliza mkokoteni wa mwashi mmoja, wa kubebea mawe ya matumbawe uani kwake na kutoka gatini hadi kwenye kazi. Magurudumu ni mawili ya mbele ya pikipiki. Gurudumu la namna hiyo limeundwa kushikwa pande zote mbili. Ukilifunga upande mmoja tu, kama la gari, mhimili wake utapinda mzigo ukizidi. Kwa hiyo kila gurudumu tulilichomelea uma wake wa chuma, tukayaweka yote mawili chini ya sakafu ili mkokoteni usipanuke ukashindwa kuingia kichochoroni. Sakafu ikawa juu, kimo cha paja, na mwashi akaipenda kwa kuwa hainami tena kupakia. Uma tuliuweka nyuma kidogo ya katikati ya sakafu, ili uzito kiasi uegemee mikononi mwa mvutaji na mkokoteni usibinuke nyuma.

Fremu ni mabomba ya maji ya zamani. Mabomba hayo yamepakwa zinki, na zinki ikiungua hutoa moshi mweupe unaomdhuru anayeuvuta. Vijana wangu huikwangua hadi chuma kionekane kabla ya kuwasha mashine. Vijiti vya kuchomelea tunavitunza ndani ya kopo lililofungwa, kwani hewa ya bahari huvilowesha, na kiungo kilichochomelewa kwa kijiti chenye unyevu huwa na vitundu ambamo kutu huanzia. Sakafu ni mbao za mbambakofi kutoka mashua iliyovunjwa Matondoni. Mbao zilizokwisha kuzoea maji ya chumvi hazitishwi na mvua ya masika.

Kazi hii inamfaa punda pia. Tangu 1987 mji huu una hospitali ya punda, na anayepita hapo huona migongo yenye vidonda vya shehena. Mkokoteni uliosawazishwa vizuri humwezesha punda kuvuta mzigo mkubwa kuliko ule anaoweza kubeba mgongoni, na ngozi yake ikabaki salama.

Kikwazo chetu ni kupata malighafi kwa njia safi. Sheria ya Chuma Chakavu ya 2015 inamtaka mfanyabiashara wa chuma hicho awe na leseni. Januari 2022, baada ya minara ya umeme kuhujumiwa na nchi kuingia gizani, Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha kwa muda biashara hiyo kote nchini. Siilaumu hatua ya kuwazuia wezi wa nyaya. Sisi wachomeleaji ndio wa kwanza kukosa kazi umeme ukikatika. Ila fundi anayetafuta rimu mbili na bomba moja asiwekwe kapu moja na anayesafirisha tani. Anahitaji mahali ambapo anajua chuma kimetoka kwa nani.

Mahali hapo kaunti inaweza kupatenga, kwenye kiwanja kimoja chenye uzio na daftari. Anayeleta chuma aandikwe jina na alichokileta, fundi anunue anachokitaka mchana kweupe, na baada ya muda uliopangwa masalio yauzwe kwa wenye leseni. Mwizi hatapenda kuandikwa daftarini, na fundi hatalazimika kununua gizani.

Lamu imekwisha kuonyesha kwamba takataka si mwisho wa kitu. Mwaka 2018 fundi Ali Skanda na wenzake walishusha majini Flipflopi, jahazi lililoundwa kwa plastiki iliyotupwa, na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Dunia ilikuja kulitazama. Chuma hakipigwi picha nyingi kama jahazi la rangi, lakini mikokoteni hutumika kila siku, na kijana anayejifunza kuiunda anapata ujuzi wa kumlisha hapa hapa bila kuhamia Mombasa.

Waheshimiwa wa Bunge la Kaunti, katika bajeti ijayo tengeni kiwanja hicho. Na mtakapohitaji mikokoteni ya kuzolea taka mjini, msiagize ya kiwandani. Njooni Langoni mpime kichochoro pamoja nasi, kisha mtupe kazi.