Wenye hisa wana tarehe, wenye mashamba wanaambiwa wangoje

BUNIA, Ituri – Mwaka 2024 kampuni ya mafuta ya Ufaransa, TotalEnergies, iliwarudishia wenye hisa wake karibu dola bilioni 16. Bajeti nzima ya serkali ya Congo iliyopigiwa kura Kinshasa kwa mwaka huohuo ilikuwa karibu hesabu hiyohiyo. Upande mmoja ni watu wanaomiliki karatasi za kampuni. Upande wa pili ni inchi ya watu wanaokadiriwa kupita milioni 100, pamoja na walimu wake, askari wake, hospitali zake na barabara zake, hata ile isiyopitika mvua ikinyesha.

Mama anayeishi chini ya shitingi kambini Kigonze anaweza kuuliza: hesabu za Paris zinanihusu nini mimi niliyekimbia Djugu? Zinamhusu. Kampuni hiyo iko ng'ambo ya Ziwa Albert, katika Uganda, pamoja na Wachina wa CNOOC. Visima vya CNOOC vya Kingfisher viko Buhuka, ufuoni mwa ziwa, katika wilaya ya Kikuube. Ni wilaya hiyohiyo yenye kambi ya Kyangwali, walikopelekwa wengi wa wale waliovuka kwa mitumbwi kutoka Tchomia na Joo mwaka 2018. Na serkali ya Congo nayo ilikwisha kuonyesha kwamba inataka kuuza upande wake wa ziwa. Mwezi wa saba 2022 ilitangaza vitalu 27 vya mafuta, vinne kati yavyo katika bonde la Albert. Mnada huo ulifutwa Oktoba 2024. Kufutwa kwa mnada si kufutwa kwa mafuta. Yako palepale, na siku moja watarudi.

Basi kabla hawajarudi, watu wa Ituri wanapaswa kujua jinsi kampuni ya namna hii inavyogawa feza, na nani anahesabiwa wa kwanza.

Kila miezi mitatu TotalEnergies inatoa hesabu zake hadharani. Mwaka 2024 faida yake, kwa hesabu inayotumia yenyewe, ilikuwa dola bilioni 5.1 kwa robo ya kwanza, 4.7 kwa ya pili, 4.1 kwa ya tatu na 4.4 kwa ya nne. Jumla bilioni 18.3. Ukisoma, utaona faida inapanda na kushuka kufuatana na bei ya mafuta. Kitu kimoja hakishuki: gawio. Kwa kila hisa mwenye nayo alipewa senti 79 za euro mara tatu, halafu senti 85 mara ya nne. Tarehe za malipo zinatangazwa miezi mingi mbele, na siku ikifika feza zinaingia. Hakuna anayepanga mstari, hakuna anayeambiwa rudi kesho.

Juu ya gawio kuna jambo la pili ambalo watu wengi huku hawalijui, nalo ndilo la kushangaza zaidi. Kampuni inachukua feza zake, inakwenda sokoni, inanunua hisa zake yenyewe, halafu inazifuta. Kwa nini? Kwa sababu hisa zikipungua, kila moja inayobaki inapata sehemu kubwa zaidi ya faida, na bei yake inaelekea kupanda. Mwaka 2024 kazi hiyo ilikula dola bilioni 8, yaani bilioni 2 kila robo, zaidi ya dola milioni 20 kila siku, pamoja na Jumapili na sikukuu. Feza hizo hazikuchimba kisima, hazikujenga nyumba, hazikumlipa mtu aliyepoteza shamba. Mwaka huo Umoja wa Mataifa uliomba dola bilioni 2.6 kwa ajili ya wenye shida wa Congo yote. Mara tatu ya hizo zilikwenda kununua karatasi za kufutwa.

Watetezi wa kampuni watasema: hiyo si kazi ya msaada, ni biashara, na mwenye hisa ametia feza zake katika hatari. Sawa, hakuna anayeiomba TotalEnergies igeuke Caritas. Lakini neno hilo la hatari lipimwe vizuri. Mwaka 2020, wakati wa Covid, kampuni ilipata hasara ya dola bilioni 7.2. Kampuni nyingine kubwa, kama Shell, zilikata gawio. Total haikukata, ililipa kila robo kama kawaida. Hatari iko wapi kwa mtu anayelipwa hata mwaka wa hasara?

Wakati huohuo, ng'ambo ya ziwa, katika wilaya ya Buliisa na kwenye njia ya bomba, kulikuwa na watu wengine waliotia mali yao katika mradi huo bila kuulizwa kama wanapenda. Mali yao ilikuwa mashamba. Bomba la EACOP lina urefu wa kilomita 1,443, kutoka Hoima hadi Chongoleani karibu na Tanga, katika Tanzania, na TotalEnergies ina asilimia 62 yake. Kwa hesabu ya kampuni yenyewe, bomba hilo na visima vya Tilenga vinagusa wenye ardhi na watumiaji wa ardhi wapatao 18,800 katika inchi hizo mbili, na zaidi ya nyumba 700 za kuishi.

Wapimaji walipita, wakahesabu mihogo, migomba, miti ya matunda na makaburi, wakaweka tarehe ya mwisho. Baada ya tarehe hiyo, ukipanda kahawa au ukijenga chumba, hulipwi. Halafu mwaka 2019 mauziano kati ya Tullow na Total yakakwama, kazi ya bomba ikasimamishwa, na watu waliokwisha kuhesabiwa wakabaki wakingoja. Wengi walingoja miaka mitatu, wengine minne. Katika muda huo shamba si lako kabisa na feza hujaziona. Bei ya ardhi jirani inapanda kwa sababu kila mtu anajua fidia inakuja. Ada ya shule haingoji.

Tena fidia hiyo si lazima uikubali ndipo uondoke. Mwezi wa kumi na mbili 2023 Mahakama Kuu ya Hoima iliiruhusu serkali ya Uganda kuweka mahakamani feza za familia 42 ambazo zilikuwa hazijaipokea, wengine kwa kuona ni ndogo, wengine kwa mabishano ya ardhi, na kuchukua mashamba yao. Mwenye hisa asiyeridhika anauza hisa yake asubuhi na kununua nyingine jioni. Mkulima asiyeridhika anakuta kesi imekwisha kukatwa.

Kampuni inajibu kwamba karibu wote wamekwisha kulipwa, kwamba imejenga nyumba mpya, kwamba inafuata kanuni za kimataifa. Nyumba zipo kweli. Lakini hakuna aliyeshitaki kwamba nyumba hazipo. Raia 26 wa Uganda, pamoja na mashirika ya kule na ya Ufaransa, waliopeleka kesi Paris mwezi wa sita 2023, walidai fidia kwa ajili ya ule muda: miaka ya kukaa bila kulima vizuri, chakula kikipungua nyumbani. Hapo ndipo hesabu za robo mwaka zinaposhitaki zenyewe. Kampuni iliyoweza kutoa bilioni 2 kila miezi mitatu mwaka 2024 kufuta karatasi haiwezi kusema ilikosa feza za kulipa mihogo kwa wakati. Ilikosa sababu ya kuharakisha. Hakuna mkulima wa Buliisa anayepiga kura katika mkutano wa wenye hisa.

Sasa turudi upande huu wa ziwa, maana kwetu jambo litakuwa baya zaidi kama watu hawatazinduka.

Kule Uganda walihesabu watu waliokuwa wamekaa juu ya ardhi yao. Je, siku wapimaji watakapofika kandokando ya Kasenyi, Tchomia au Mahagi, watamkuta nani? Tangu mwisho wa 2017 vijiji vya Djugu vimekuwa vikichomwa. Mwenye shamba yuko kambini Bunia, au Kyangwali, au kwa shemeji yake. Nyumba ni majivu, migomba imemezwa na pori, mzee aliyejua mpaka amekufa. Mpimaji ataandika: ardhi tupu. Au atamkuta mtu mwingine aliyeingia baada ya wenyewe kukimbia, na huyo ndiye ataandikwa.

Na karatasi? Sheria ya ardhi ya 1973 inasema ardhi yote ni ya serkali. Kwa mashamba ya mababu iliahidi kwamba amri ya Rais itakuja kupanga haki zao. Zaidi ya miaka 50 imepita, amri hiyo haijatoka. Basi mkulima wa Ituri ataingia katika mazungumzo na kampuni ya mabilioni akiwa na jina la babu yake na mti uliokatwa. Mvuvi ndiye hana hata mti wa kuonyesha.

Kuna wanaosema tungoje kwanza mafuta yapatikane, mambo ya fidia yatapangwa baadaye. Waende Muanda, kando ya bahari, ambako mafuta ya Congo yanachimbwa tangu miaka ya 1970. Huko mchimbaji ni Perenco, kampuni ya familia ambayo haiko sokoni na haitangazi faida ya robo mwaka kwa mtu yeyote. Ya TotalEnergies walau tunaisoma.

Wabunge wa Ituri wana jambo la kudai sasa, kabla kampuni haijafika mlangoni. Wadai orodha ya wenye mashamba wa kandokando ya ziwa iandikwe makambini, Bunia na Kyangwali vilevile, kijiji kwa kijiji, machifu wa pande zote na majirani wakishuhudia mipaka, na wajane wakiandikwa kwa majina yao, si kwa jina la shemeji. Wadai kwamba ardhi iliyokimbiwa kwa sababu ya vita isiitwe tupu katika mkataba wowote. Tena mkataba uwe na tarehe: kampuni ikihesabu shamba leo, ilipe ndani ya robo mwaka mmoja, na kila robo inayopita bila malipo iongeze fidia, papo hapo, bila mkulima kwenda mahakamani. Robo mwaka ni kipimo ambacho kampuni wanakijua vizuri sana.

Kazi ya kuandika majina haihitaji mafuta, wala Wazungu, wala Wachina. Inahitaji daftari na watu wanaokumbuka, na hao wanapungua kila msimu wa mvua makambini.