Dirisha la wazee haliji nyumbani

Wadau, nimechoka kusikia eti "sisi tunatunza wazazi wetu". Sisi nani? Kwetu Kihurio mzee akipigwa na kiharusi anayeacha shule ni binti, siyo kaka zake walioko Dar. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inaahidi matibabu bure kwa wasiojiweza. Sawa, ila hayo yako hospitali. Kumgeuza kila saa mbili asipate vidonda, kubadilisha mpira wa mkojo, nani anafanya? Nesi wa kuja nyumbani unamlipa mfukoni, na mkulima wa mpunga hana mshahara. Zanzibar walianza pensheni ya wazee wa miaka 70 mwaka 2016, Sh 20,000 kwa mwezi. Ndogo jamani, lakini ilianza! Bara tunangoja nini? Zahanati ipewe nesi wa kuzunguka majumbani, na alipwe. Hizo sifa za "binti mwenye moyo" bakini nazo.