Masisi 70 ni sherehe, kwa wahakiki wa michezo ya video ni njano

Mwanafunzi wa Masisi akipata asilimia 70 kwenye Exetat, majirani wanajua kabla hajafika nyumbani. Anamwagiwa poda kichwani, wadogo wanamfuata wakiimba, mama yake anaulizia bei ya kuku. Wengi wanapita na 52 ama 55, na poda ni ileile. Wahakiki wa michezo ya video kule Ulaya na Marekani hawana poda kwa 70. Kwao 70 ni mchezo wa katikati: si mbaya, si mzuri, subiri bei ishuke ndipo ununue.

Tovuti ya Metacritic, inayokusanya hukumu za wahakiki wengi na kuzifanya hesabu moja, inaonyesha jambo hilo kwa rangi. Mchezo wenye 75 na zaidi unapata kijani. Kuanzia 50 mpaka 74 ni njano. Chini ya hapo ni nyekundu. Ajabu ni kwamba filamu kwenye tovuti hiyohiyo inapata kijani ikifika 61 tu. Mchezo wa video wenye 74, ambao shuleni Walikale ungeitwa distinction, unakaa kwenye njano pamoja na wenye 50.

Na alama hizi si maneno matupu. Mwaka 2010 studio ya Obsidian ilitengeneza Fallout: New Vegas. Miaka miwili baadaye mmoja wa wakubwa wake alieleza hadharani kwamba wangelipwa bonasi kama mchezo ungefika 85 kwenye Metacritic. Ulipata 84. Pointi moja, na bonasi ikaruka. Kwa hiyo ni halali kuuliza pointi hizo zinapimwa kwa mizani gani, na nani hakuitwa kwenye kupima.

Watu wa Masisi na Walikale hawakuitwa, ingawa michezo ya video wanaijua vizuri. Katika vituo vya machimbo na kwenye masoko ya barabarani, chumba cha michezo ni mbao, bati juu, televisheni moja ama mbili, jenereta ama sahani ya jua, na PlayStation 2 iliyokwisha kufunguliwa na kufungwa mara nyingi. Vijana wanalipa kwa mchezo mmoja mmoja. Kinachochezwa ni mpira. PES 2014, iliyotoka mwishoni mwa 2013, ndiyo iliyofunga ukurasa wa michezo mipya ya PlayStation 2. Wahakiki wakati huo walikuwa wamehamia kwenye mashine mpya na toleo la mashine kuukuu hawakulitazama sana. Huku ndiko matoleo hayo yalikuja kuishi. Wachezaji waliostaafu zamani bado wanakimbia kwenye ekrani, na kijana aliyezaliwa baada yao anawaita kwa majina kama wajomba zake.

Chumba kama hicho nacho kina wahakiki wake, na ni wakali. Mchezo unaokwama jenereta ikipunguza nguvu, hauna thamani. Mchezo wa mtu mmoja, ambao wengine kumi wanakaa kumtazama tu, unaua biashara ya mwenye chumba. Mchezo unaohitaji kusoma Kiingereza dakika ishirini kabla ya kuanza, unazimwa. Picha nzuri ni nyongeza. Kwa mizani hiyo michezo mingi yenye 90 ingeshindwa hapa, na mingine ya njano ingekula miaka kumi. Wazazi wengi wana hukumu yao pia, kwamba chumba cha michezo kinaiba watoto wa shule, na hawakosei kila mara.

Mfano unaouma zaidi ni wa mchezo wa katikati ambao ungepaswa kufika huku na haujafika. Tarehe 23 Aprili 2024 ilitoka Tales of Kenzera: ZAU, kazi ya studio ya Surgent, iliyoanzishwa na Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya. Wanaocheza michezo hii wanamfahamu kwa sauti ya Bayek katika Assassin's Creed Origins ya 2017. Salim alifiwa na baba yake, na kilio hicho ndicho alichokigeuza mchezo. Zau ni mganga kijana anayefanya mapatano na Kalunga, mungu wa kifo: amletee roho tatu kubwa, naye amrudishiwe baba. Mchezo una sauti za Kiswahili tangu mwanzo mpaka mwisho kwa anayezichagua.

Wahakiki waliupa karibu na 75, palepale kwenye mpaka wa njano na kijani. Walisifu hadithi, rangi na muziki. Walilalamika kwamba mapigano yanajirudia, na kwamba kuna mahali kosa dogo linakuua na kukurudisha nyuma. Malalamiko hayo ni ya kweli, na hakuna sababu ya kuwatukana wahakiki kwa kuwa mwenye mchezo ni Mwafrika. Mapigano yakichosha, yanachosha kwa Kiswahili pia. Tena kumsamehe mtu udhaifu kwa sababu ya bara lake ni dharau nyingine iliyovaa nguo safi. Aurion, iliyotengenezwa Yaoundé na Kiro'o Games na kutoka mwaka 2016, ilipata huruma nyingi ya namna hiyo, na huruma haikuisaidia kuwa mchezo bora.

Lakini tazama kilichopimwa na kilichoachwa. Mwaka 2009 Capcom ilitoa Resident Evil 5. Hadithi yake iko Kijuju, mahali pa kubuni pa Afrika ya Magharibi, na watu walioambukizwa wanaitwa Majini na wanapiga kelele kwa Kiswahili. Kiswahili, Afrika ya Magharibi! Mtoto wa shule ya msingi Walikale angesahihisha hilo bila kuinua kichwa. Mchezo ulipata zaidi ya 80, kijani kizuri. Kulikuwa na mabishano juu ya rangi ya watu wanaopigwa risasi mle ndani, lakini kosa la lugha halikumpunguzia mtu pointi. Miaka kumi na mitano baadaye unakuja mchezo ambao Kiswahili chake ni cha mtoto anayemlilia baba. Ni wahakiki wangapi walioweza kusema kama Kiswahili hicho kinatoka moyoni ama kinasomwa kwenye karatasi? Kwa wengi wao sauti hizo zilikuwa mstari mmoja katika orodha ya sifa.

Hapo ndipo kijana wa Masisi angekuwa mhakiki kuliko wote. Angecheka kwanza, maana hicho ni Kiswahili bora, si cha Kivu, na mtu anayekizungumza hivyo sokoni Rubaya angeulizwa kama ni mwalimu ama mchungaji. Kisha angenyamaza, kwa sababu habari ya kufiwa na baba na kutaka kubishana na kifo haihitaji maelezo kwake. Rubaya ilichukuliwa na M23 mwishoni mwa Aprili 2024, siku chache tu baada ya mchezo huo kutoka. Walikale-centre ilichukuliwa Machi 2025, na waasi wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Katikati ya tarehe hizo kuna familia zilizolala porini na wazee waliozikwa bila matanga. Mtu aliyepita humo akisema hadithi ya Zau ni nzuri ama ni ya kitoto, hukumu yake ina uzito ambao pointi za mapigano hazina.

Mwaka huohuo wa 2024 Surgent ilitangaza kupunguza wafanyakazi. Mwaka 2025 mchezo ulipata tuzo ya BAFTA katika kundi la michezo inayovuka burudani. Tuzo ikaja baada ya watu kupoteza kazi. Sabini na tano haikutosha kuuza.

Sasa kuna upande mwingine wa alama, na huo Masisi na Walikale zimo ndani kabisa, tena kwa uzito wa kilo. Tantali inayotoka kwenye koltani hutengeneza vifaa vidogo vya kuhifadhi umeme katika mashine za kielektroniki. Bati inayotoka kwenye kasiterite huunganisha vipande kwenye kila bodi. Septemba 2024, Bintou Keita, aliyekuwa mkuu wa MONUSCO, aliliambia Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwamba eneo la Rubaya linatoa zaidi ya asilimia 15 ya tantali ya dunia, na kwamba biashara hiyo inawaingizia waasi takriban dola 300,000 kwa mwezi. Kule Walikale, mgodi wa Bisie wa kampuni ya Alphamin ulisimamisha kazi Machi 2025 vita vilipokaribia, na bei ya bati duniani ikaruka.

Kuna waliojaribu kutoa pointi kwa jambo hilo. Shirika la Marekani la Enough Project liliyapanga makampuni 24 ya elektroniki mwaka 2012, kwa kuangalia juhudi zao za kujua madini yao yanatoka wapi. Nintendo ilipata sifuri. Ilijibu kwamba kazi ya kuunda mashine zake inafanywa na makampuni mengine, kwa hiyo yenyewe haihusiki moja kwa moja na kununua malighafi. Mwaka huohuo ilitoa New Super Mario Bros. U, na wahakiki wakaupa zaidi ya 80. Sifuri na themanini, kampuni moja, mwaka mmoja, na hakuna mhakiki wa mchezo aliyeona kwamba karatasi hizo mbili zinahusiana.

Lakini wanaharakati nao walitoa hukumu za kupita kiasi. Wapo walioviita vita vya Kongo vita vya PlayStation, kwa sababu PlayStation 2 ilitoka mwaka 2000 na mwaka huo bei ya tantali ilipanda vikali kabla ya kuanguka mwaka uliofuata. Bei hiyo ilivuta vijana na bunduki kwenye machimbo, hilo halina ubishi. Ila damu ya Masisi haikuanza na mashine ya mchezo. Mauaji yalianza Machi 1993 kwenye soko la Ntoto, Walikale, yakasambaa Masisi, na chanzo kilikuwa ardhi, uchifu na swali la nani ni raia. PlayStation ya kwanza kabisa iliuzwa Japani Desemba 1994. Anayetaka kueleza Masisi kwa kutumia koltani peke yake anastahili njano naye.

Na dawa ya kugomea madini ilijaribiwa. Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, yenye kifungu kinachodai makampuni yaeleze kama madini yao yanatoka Kongo na majirani zake. Septemba mwaka huo Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, wiki chache baada ya ubakaji wa kutisha uliofanywa Luvungi na vijiji vya jirani, katika Walikale. Wanajeshi na wenye silaha hawakukosa njia. Aliyekosa ni mchimbaji, na mama aliyemuuzia sombe, na mwalimu anayelipwa na pesa za wazazi. Kwa hiyo anayewaomba wahakiki waseme "msinunue" hawasaidii watu wa huku.

Jambo linaloweza kuombwa ni dogo zaidi. Mhakiki anayepima mashine mpya huandika habari ya joto lake, kelele ya feni, uzito, na muda wa betri. Anafungua kifuniko na kupiga picha za ndani. Mistari miwili juu ya kile kampuni inachosema kuhusu tantali na bati yake haingejaza ukurasa. Sony na Microsoft zimekuwa zikitoa ripoti za madini kwa sababu ya sheria hiyohiyo ya Marekani, na karatasi ziko wazi kwa kila anayetaka kusoma. Mhakiki anayesema feni inapiga kelele anaweza pia kusema ripoti imenyamaza.

Kuhusu Zau, kikwazo si wahakiki. Mchezo uliuzwa takriban dola 20, kwa kadi ya benki, na kupakuliwa kwa intaneti, gigabaiti juu ya gigabaiti. Hauchomwi kwenye diski ya PlayStation 2. Mwenye chumba cha michezo Mubi ama Masisi-centre hana njia ya kuupata hata akitaka, na megabaiti zake anazihifadhi kwa ajili ya WhatsApp, kujua barabara iko wazi ama imefungwa. Lakini kuna watoto wa Masisi wanaosoma Kampala na Nairobi, na wengine wa Walikale wanaofanya kazi mbali zaidi, na wanarudi kwa matanga na arusi wakibeba kompyuta. Mmoja akija nao ndani, na jenereta ikiwa na mafuta ya usiku mmoja, hukumu ya Kiswahili chake itajulikana kabla ya asubuhi.