Usiniletee Ningu Mwenye Mayai

Rafiki yangu mmoja, mshairi mzuri tu, alinitumia picha mwezi Aprili. Wanaume wanne wamesimama juu ya mawe chini ya ukuta wa Murongo, nyuma yao maji yanamwagika meupe kama maziwa yanayochemka, na mbele yao kuna ndoo ya lita ishirini imejaa ningu. Chini ya picha ameandika neno moja: "Neema." Nilimjibu kwa hasira, naye akanishangaa. Mtu wa Chonyonyo, anakotoka mtu ambako hata maji ya kunywa hufuatwa mbali kwa baiskeli, anapata wapi ubavu wa kuwasemea samaki wa Kagera? Swali zuri. Nami kwa kuwa najua anasoma hapa, nitamjibu mbele za watu.

Ni kweli, Chonyonyo hatuna historia ya uvuvi. Tuna migomba, maharage, kahawa na ng'ombe. Samaki alitufikia akiwa tayari ameshakaushwa kwa moshi, amefungwa kwenye gunia nyuma ya baiskeli, na mama alimjua kwa harufu kabla mwenye baiskeli hajapiga kengele. Lakini mama mwenyewe ni wa Kyerwa, wa huko bondeni, na likizo za shule tulipelekwa kwa babu. Wakati huo Kyerwa ilikuwa bado ni sehemu ya wilaya ya Karagwe, haijakatwa. Tulipanda gari Omurushaka, tukapita Nkwenda, tukashuka Murongo tukiwa wekundu kwa vumbi kama matofali.

Babu hakuwa mvuvi wa kazi. Alikuwa mkulima mwenye migono sita. Kwa asiyeujua, mgono ni tenga refu la fito na matete, mdomo mpana, ndani kuna koo jembamba lililochongoka kuelekea ndani. Samaki akishaingia, kutoka ni shida. Sasa kitu kimoja nilikiona nikiwa na miaka tisa na sikukielewa mpaka nimekuwa mtu mzima: babu aliitega migono yake mdomo ukitazama kule maji yanakotoka. Yaani samaki aliyekuwa akipanda mto alipita pembeni salama. Aliyekuwa akishuka ndiye aliyeingia.

Nilimwuliza, "Babu, mbona hawa wanaokuja sasa hivi unawaacha?"

"Hao wana safari, mjukuu wangu. Wakirudi tutaonana."

Hapo lazima nieleze ningu ni nani, maana wengi siku hizi wanamjua sangara, sato na dagaa basi. Ningu, ambaye wanasayansi wanamwita Labeo victorianus, ni samaki wa bonde la Ziwa Victoria. Hula na kukua ziwani, lakini kuzaa hazalii humo. Mvua za masika zikianza, na za vuli pia, mto unapojaa na kubadilika rangi, huingia mdomoni mwa mto na kupanda kwa makundi. Anatafuta mahali ambapo maji yamefurika juu ya majani kandokando ya mto. Hapo ndipo hutaga. Hakai sana, akimaliza hurudi na maji. Watoto hukua kwenye hayo majani yaliyofunikwa, kisha nao hushuka. Safari nzima inategemea kitu kimoja: kwamba njia iko wazi, na kwamba anayepanda ataachwa apande.

Sitaki kumfanya babu kuwa mwanamazingira. Hakuwa na lugha hiyo, na huenda sababu yake ilikuwa ya uvivu tu: samaki aliyekwisha kutaga amechoka, anaburutwa na maji, anaingia mgononi bila ubishi. Huenda pia alipenda nyama kuliko mayai. Hata hivyo mdomo wa mgono ulitazama juu, na kila msimu ningu walikuja.

Ukuta wa Murongo nao una historia yake. Pale mpakani, ng'ambo ya pili pakiitwa Kikagati, palikuwa na kituo kidogo cha umeme cha zamani, kikaharibiwa katika vita vya Kagera. Miaka ya karibuni kimejengwa kipya, chenye MW 14 hivi, umeme wake unagawanywa kati ya Uganda na Tanzania. Mimi siulaani umeme. Naandika haya taa ikiwa inawaka, na aliyewahi kusoma kwa koroboi ya mafuta ya taa, akipenga asubuhi makamasi meusi, hawezi kuniambia giza lina ushairi wowote. Ninachokisema ni kwamba ukuta umebadilisha maana ya kuvua, na sisi tunajifanya hatukuona.

Nilikwenda kuangalia kwa macho yangu, masika ya miaka miwili iliyopita, na mjomba. Tulisimama mbali kidogo chini ya pale maji ya ziada yanapomwagikia. Kelele ilikuwa kubwa, tuliongea kwa mikono. Kila baada ya dakika moja hivi mgongo wa samaki ulionekana ukikata povu, ukarushwa nyuma, ukajaribu tena. Walikuwamo kuyu, walikuwamo kambale, na katikati yao ningu wachache, matumbo yamejaa. Walikuwa wamepanga foleni. Sina neno jingine. Walisimama kwenye foleni mbele ya mlango ambao haupo, na vijana walikuwa wakiwachota kwa vyandarua na ndoano za kukwaruza, zile zisizohitaji chambo, unaburuta tu na kumnasa samaki popote pale, ubavuni, machoni, tumboni.

Mjomba alinunua watatu. Jioni shangazi aliwapasua na mayai yakamwagika kwenye sahani, ya manjano kama uwele uliopondwa. Aliyakaanga kwa kitunguu. Nilikula. Yalikuwa matamu, na nisiposema hivyo makala yote hii itakuwa uongo.

Kwa hiyo, rafiki yangu mshairi, naanza na hilo neno lako. Neema ni kitu kinachokuja chenyewe kwa wingi wake. Kile ulichokipiga picha hakikuja kwa wingi, kilizuiwa kikaonekana kingi. Samaki mia waliotawanyika kilomita kumi za mto ni mto wa kawaida. Samaki haohao wakisukumwa kwenye eneo la ukubwa wa uwanja wa netiboli wanaonekana kama muujiza. Tunahesabu msongamano tukidhani tunahesabu utajiri. Ukiona watu wamejazana kituoni usiku kwa sababu basi halijaja, huwezi kusema mji umependelewa kwa abiria.

Kuna hoja ya pili ambayo mjomba aliitoa, nayo ni nzito zaidi kuliko ya mshairi. "Hawa wamekwama. Juu hawapiti. Tusipowala sisi watafia hapo, au watakula mamba." Nilinyamaza njia nzima kwa sababu sikuwa na jibu. Sasa ninalo. Samaki aliyezuiwa si maiti. Anaweza kurudi chini akatafuta kijito kingine, bonde jingine lililofurika, akatumia vibaya lakini akatumia kile alichonacho. Wachache watafanikiwa. Hao wachache ndio msimu ujao. Nyumbani kwetu maharage ya mbegu yalichanganywa na majivu yakafichwa, na hata mwaka wa njaa mtu akiyagusa alisemwa kijiji kizima. Hakuna aliyewahi kusimama akajitetea kwamba ardhi ilikuwa kavu, yasingeota yote.

Na tusidanganyane kuwa hili ni jambo jipya lililoletwa na saruji. Ningu alishawahi kuuawa kwa namna hii hii mara moja, bila ukuta wowote. Nyavu za makila zililetwa ziwani mwaka 1905. Kufikia 1927 na 1928, Michael Graham alipofanya uchunguzi wake wa ziwa zima, tayari kulikuwa na wasiwasi. Baadaye watu wakagundua kwamba huna haja ya kumtafuta ningu ziwani: tega nyavu zenye matundu madogo kwenye mdomo wa mto wakati wa mvua, atakuja mwenyewe. Waliwavua wakiwa wanapanda, na mayai yao. Mwaka 1965 mtafiti Cadwalladr aliandika kuhusu kuporomoka kwa uvuvi huo na kudhoofika kwa mitego ya asili ya mto Nzoia, Kenya. Angalia huo mwaka. Sangara alikuwa ndiyo kwanza ametiwa ziwani, hajaanza kutawala. Ziwa lilikuja kugeuka lake miaka ya 1980.

Hapa nina ugomvi na sisi tunaoandika na kusoma. Kifo cha furu kimepata kitabu chake, kile cha Tijs Goldschmidt, Mholanzi aliyefanya utafiti Mwanza. Sangara alipata filamu yake mwaka 2004, ile ya Hubert Sauper iliyowachefua wakubwa wetu mpaka ikawa mjadala wa kitaifa. Ningu hana kitu. Kwa nini? Nadhani ni kwa sababu katika hadithi ya sangara mwovu ni mgeni: samaki wa kuletwa, ndege za mizigo, walaji wa Ulaya. Tunaipenda hadithi ya namna hiyo, inatuacha wasafi. Hadithi ya ningu haina mgeni wa kubeba lawama peke yake. Nyavu zililetwa, sawa. Lakini mikono iliyozitega mdomoni mwa mto ilikuwa yetu, na ndoo iliyo kwenye picha ya rafiki yangu ina jina la mtu tunayemfahamu limeandikwa kwa rangi ubavuni. Tukimwandika mvuvi tunamwandika kama mzee wa Hemingway, peke yake na bahari, shujaa. Haya, mwandike huyu kijana wa ndoano ya kukwaruza. Naye ana watoto, ada na deni dukani. Ni kazi ngumu zaidi, ndiyo maana inakwepwa.

Serikali nayo ina mwenge wake. Mwaka 2018, kwenye Operesheni Sangara, nyavu haramu zilichomwa kwa marundo na watu wakafilisika. Kipimo kikubwa kilikuwa tundu la wavu. Tundu kubwa linamlinda mtoto, hewala. Lakini ningu aliyebeba mayai ni mkubwa! Wavu halali kabisa unamnasa vizuri. Sheria inayopima tundu bila kupima mwezi na mahali inamwacha mama apite mpaka kwenye sufuria.

Usiniambie haiwezekani kufunga msimu. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika, ziwa zima, lilifungwa miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka. Wavuvi waliumia, walilalamika, na walikuwa na haki ya kulalamika. Lakini lilifungwa. Kule Minnesota, Marekani, wana samaki anayeitwa walleye, ambaye theluji ikiyeyuka hupanda mito kutaga na kukwama chini ya mabwawa vilevile kama wetu. Watu wanampenda kufa, na bado msimu wake haufunguliwi mpaka katikati ya Mei, akishamaliza shughuli zake. Mimi siombi ziwa zima, siombi hata mto mzima. Naomba kipande cha mto chini ya kila ukuta, wiki chache za masika na wiki chache za vuli, na hao vijana wanne walipwe kukilinda badala ya kukichota. Wanakijua kuliko afisa yeyote.

Haraka yangu inatokana na Kakono. Mradi huo wa MW 87.8 umepangwa kwenye mto huuhuu, kati ya Kyerwa na Missenyi, na Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mkopo wake mwaka 2022. Chukua ramani uangalie. Kagera inatoka Rusumo, inapanda kaskazini ikifuata mpaka wa Rwanda, inakata mashariki, inapita Murongo, kisha Kakono, kisha Kyaka, ndipo iende ziwani. Ningu anayetoka ziwani atakutana na Kakono kwanza. Maana yake, tukikosea pale, ule ugomvi wangu na mjomba chini ya ukuta wa Murongo utakwisha wenyewe, kwa kuwa hakuna ningu wa ziwani atakayefika tugombane juu yake. Vikao vya miradi kama hii nimeshakaa viwili vitatu. Watu huuliza fidia ya migomba, fidia ya makaburi, ajira kwa vijana, na wanauliza vizuri. Sijasikia hata mara moja mtu akisimama kuuliza: Machi ikifika, samaki wanapita wapi? Mimi mwenyewe nilikuwa nimekaa, na sikuuliza. Nilikuwa nasubiri soda.

Mgono mmoja wa babu bado upo, umening'inizwa juu ya jiko kwa mjomba, mweusi kwa moshi, na kuku hutagia humo. Wiki iliyopita mjomba alipiga simu. Mvua imeanza vizuri, mto umebadilika rangi, nitume nauli ya bodaboda aniletee ndoo moja?

"Wanapanda au wanarudi, mjomba?"

Akacheka sana. "Wewe unataka samaki au unataka kunipa mtihani?"

Nauli sijatuma.