Kanuni Hazimfukuzi Mgeni

Hoja kwamba kanuni za usalama humnyima mwanafunzi wa kigeni ladha ya kuishi na familia inasahau kuwa nyumba ya Kigogo ina kanuni zake tangu zamani. Katika vijiji vya Wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma, mgeni anayelala hutambulishwa kwa mwenyekiti wa kitongoji. Akitoka huaga, na giza likiingia husubiriwa. Anayeziita hizo minyororo pengine hajawahi kukaribishwa vizuri.

Watetezi wa hoja hiyo hudhani kanuni zimetungwa kwa hofu ya wachawi na fisi. Hatari zenyewe ni za kawaida mno. Barabara kuu ya Dodoma–Morogoro inakatiza wilayani, na bodaboda bila kofia ngumu huvunja watu kila mwaka. Malaria hutaka chandarua, na homa hutaka kipimo siku hiyohiyo, ratiba ya ziara isubiri. Na mwanafunzi aliye chini ya miaka 18 ni mtoto wa kulindwa kwa Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009, awe Mgogo au Mjerumani.

Kanuni ya kupingwa ni ile iliyoandikwa ng'ambo bila kumshirikisha mama mwenye nyumba: inamdai chumba chenye kufuli, lakini haimpi hata namba ya simu ya msimamizi.